Pikapu ya Land Rover 109: breki kwanza, injini baadaye

Land Rover iliyolala miaka mingi haianzwi kwa injini. Najua kishawishi kilivyo: inafungwa betri mpya, petroli kidogo inamiminwa kwenye kabureta, injini inakohoa, inawaka, na uwanja mzima unashangilia. Kuanzia hapo kila mtu anataka gari litoke getini, ilhali hakuna aliyeitazama chesisi wala breki. Pikapu ninayoichambua hapa, Series III ya inchi 109 kati ya ekseli na ekseli, ilifufuliwa kwa mpangilio wa kinyume, chini ya banda la mabati nyumbani kwa mwalimu mstaafu wa Tanga. Nilifuatilia kazi hiyo kwa karibu, na ninaamini mpangilio ule ndio uliowapa yeye na fundi wake gari la kuaminika.

Series III zilitengenezwa Solihull, Uingereza, kati ya 1971 na 1985. Bodi yake ni ya alumini, desturi iliyoanza 1948 chuma kilipokuwa adimu baada ya vita. Watu huiona bodi haina kutu wakadhani gari lote ni zima. Chesisi ni ya chuma, yenye uwazi ndani, na kutu huanzia huko huko ndani, hasa mjini kama Tanga ambako upepo wa bahari hubeba chumvi mchana na usiku. Fundi alilala chini na nyundo ndogo akagonga chesisi shibri kwa shibri. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti ya kufa, na pengine nyundo huzama. Sehemu mbili zilizama: boriti ya nyuma, na mkono wa pembeni unaobeba tangi la mafuta chini ya kiti cha dereva.

Hapo walifanya jambo ambalo gereji nyingi za barabarani hulipuuza. Tangi lilifunguliwa likatolewa nje kabisa, likawekwa mbali, kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa ndio unaolipuka. Waya za betri na altaneta nazo zilichomolewa. Kutu ilikatwa hadi kwenye chuma safi, kwa sababu kubandika bati juu ya kutu ni kuuficha ugonjwa. Palipokutana alumini na chuma waliweka mpira mwembamba na rangi nzito: metali hizi mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, ikaacha unga mweupe kuzunguka kila bolti.

Breki ndizo zilizochukua muda mrefu, na ndivyo ilivyostahili. Magurudumu yote manne yana ngoma. Yale ya mbele kwenye 109 yana silinda mbili kila moja, ya nyuma moja. Ngoma zilipofunguliwa, vumbi halikupulizwa kwa kompresa. Lilioshwa kwa maji. Breki shuu za zama zile zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Mpira wote wa silinda ulibadilishwa, bomba za mpira pia, hata zile zilizoonekana nzuri kwa nje. Bomba kuukuu huvimba ndani, mafuta yanapita mguu unapokanyaga lakini hayarudi mguu unapoachia, na gurudumu linabaki limejibana.

Ugumu ukaja kwenye kutoa upepo. Silinda mbili za mbele zina tabia ya kuhifadhi hewa, pedali ikabaki laini kama sifongo hata baada ya chupa kadhaa za mafuta ya breki. Fundi alikaza vile virekebishio vya shuu mpaka zikaing'ang'ania ngoma, ili pistoni zisipate nafasi ya kutembea, ndipo akatoa upepo, akianza na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu. Pedali ikasimama. Kisha akalegeza shuu hadi magurudumu yakazunguka huru. Mbinu hii haigharimu chochote, na imewashinda mafundi wengi kwa sababu tu hawakuwahi kuonyeshwa.

Injini, ile ya petroli ya silinda nne na ujazo wa 2286 cc, ilifikiwa mwisho. Plagi zilitolewa, oili kidogo ikamiminwa ndani ya kila silinda ikaachwa izame, halafu injini ikazungushwa kwa mkono wa chuma unaoingia mbele ya rejeta. Mkono humwambia fundi mahali penye uzito. Staata huvunja bila kuuliza. Tapeti zilipimwa kwa filageji ya milimita 0.25, kwa hesabu ya tisa: valvu ya nane ikiwa wazi kabisa unarekebisha ya kwanza, ya sita ikiwa wazi unarekebisha ya tatu, na kila jozi lazima itimize tisa. Kabureta ya Zenith ilikuwa imepinda kifuniko, kasoro inayojulikana sana kwa aina hiyo; kikasagwa taratibu juu ya kioo chenye msasa laini mpaka kikakaa sawa.

Jaribio la barabarani, kwa wengi, ni sherehe. Hawa walilifanya liwe kipimo, kila safari na swali lake. Safari ya kwanza haikutoka mtaani. Swali lilikuwa breki: gari liliendeshwa polepole kwenye vumbi, likafungwa breki kwa ghafla, kisha wakashuka kusoma alama za tairi. Alama ya kushoto mbele ilikuwa hafifu, shuu zake zikakazwa kidogo. Baada ya kila mzunguko mkono uliwekwa karibu na ngoma. Ngoma yenye joto kuliko wenzake, wakati breki haijatumika, inaficha shuu iliyojibana au beringi iliyokazwa mno.

Safari ya pili ilikuwa barabara ya Pongwe, na swali lilikuwa usukani. Ulikuwa mzito na haukurudi katikati wenyewe baada ya kona. Wengi wangekimbilia boksi la usukani. Kumbe tatizo lilikuwa relei, kile chuma kilichojificha ndani ya boriti ya mbele, ambacho kikikaukiwa oili huganda. Kilijazwa oili, usukani ukawa mwepesi. Giaboksi nayo ilipimwa kwa kuachia mafuta ghafla katika kila gia, kuona kama gia itaruka. Haikuruka.

Magurudumu manne yalijaribiwa kwenye changarawe tu. Series III hii haina difu ya katikati. Ukiifunga ekseli ya mbele juu ya lami kavu, mitambo inajisokota na kitu kitavunjika. Kitasa cha njano kikasukumwa chini, ekseli ya mbele ikashika. Gari liliposimama kabisa, chekundu kikavutwa nyuma kuingia gia nzito, kikarudishwa mbele, na cha njano kikaruka juu chenyewe kama inavyotakiwa.

Safari kubwa ilikuwa Muheza kupanda Amani, karai za mchanga zikiwa zimejaa nyuma. Mlima ule unauliza yote kwa pamoja: rejeta, klachi, presha ya oili, na wakati wa kushuka, breki za ngoma. Walishuka kwa gia ya pili, mguu ukigusa pedali kwa vipindi vifupi badala ya kuikanyaga mfululizo. Ngoma zilipata joto la kulingana. Maji hayakupungua.

Kasoro moja ilijitokeza siku iliyofuata, injini ikiwa imepoa. Tapeti zilipimwa upya, na valvu ya ekzosi ya silinda ya nne ilikuwa imebana kuliko ilivyoachwa. Injini hizi zilizaliwa enzi ya petroli yenye risasi, na risasi ile iliacha utando uliolinda viti vya valvu. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006. Bila utando huo, injini ikibeba mzigo mlimani, valvu huweza kuzama kwenye kiti chake, nafasi ya tapeti ikapungua, na mwishowe valvu isifunge kabisa ikaungua. Mwalimu alitaka tapeti ilegezwe na gari liendelee kubeba. Fundi alikataa, nami naona alikuwa sahihi: kulegeza ni kununua wiki chache. Silinda hedi imefunguliwa, imepelekwa kwa mchonga vyuma iwekewe viti vya chuma kigumu kwenye valvu zote za ekzosi, na mlima wa Amani utapandwa tena kwa mzigo uleule kabla rangi haijapigwa.