Jicho la Mwezi Mwandamo

Rasi ya Msasani, Dar es Salaam, ina bahati: ufuko wake wa magharibi unatazama machweo ng'ambo ya ghuba. Jioni ya 29 Shaabani, uwazi ule wa maji ni mali kwa anayetafuta mwezi mwandamo wa Ramadhani.

Na kazi hiyo ni ufundi kamili. Mtazamaji mzoefu hufika kabla ya magharibi, akaweka alama pale jua linapotua, pengine kwa mlingoti wa mashua iliyotia nanga. Darubini haigusi mpaka jua lizame lote, maana lingempofusha. Ndipo huanza kupekua anga juu ya alama yake, polepole, kushoto na kulia. Wingu dogo lenye ukingo unaong'aa limewadanganya wengi, ndiyo maana shahidi huulizwa pembe za mwezi zilielekea wapi. Mwezi huangazwa na jua, nalo limeshazama. Pembe haziwezi kulielekea. Aliyeziona zimeinama chini aliona wingu.

Dar es Salaam, karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, humpa mtazamaji nafuu. Njia ya mwezi hapa hukaribia kusimama wima, hivyo mwezi mchanga hukaa juu zaidi kuliko London mwezi Septemba, tena umelala chali kama dau.

Kutazama anga kumo pia katika Kurani: katika Suratul An'aam, Nabii Ibrahimu anatazama nyota, kisha mwezi, kisha jua, na kila kimoja anakingoja kitue ndipo akikatae. Uzuri wa kisa hiki ni subira yake: imani inapita kwenye uchunguzi. Wakristo nao Pasaka yao huifuatisha mwezi, Jumapili baada ya mwezi mpevu wa hesabu ya kanisa unaoangukia 21 Machi au baada yake.

Hesabu haimnyang'anyi mtazamaji kazi. Mwezi hurudia mwandamo kila siku 29 na nusu hivi, na wataalamu kama Dkt. Noorali Jiwaji, aliyefundisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na kuwaandikia wananchi magazetini kuhusu anga, wanaweza kusema mapema utakuwa wapi na kwa dakika ngapi. Jicho huthibitisha, habari hufika BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, huko Kinondoni, na Mufti hutangaza.

Usipoonekana, Shaabani hukamilishwa siku 30. Anayetaka kujifunza arudi kesho yake jioni: mwezi utakuwa umeachana na jua kwa nyuzi nyingine 12 hivi, umenenepa, na hata darubini ndogo itamwonyesha mashimo yake pale mwanga unapokutana na kivuli.