Rose Kwenye Kinanda

Mto Semliki unatoka Ziwa Edward, unapita mashariki ya Beni, halafu unateremka hadi Ziwa Albert. Ng'ambo ya ziwa hilo, Butiaba ya Uganda, mwigizaji Katharine Hepburn aliigiza sehemu ya filamu The African Queen mwaka 1951. Sehemu nyingine ilipigwa kwetu Kongo, kwenye mto Ruiki, jirani na Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Ndiyo maana sisi wa Butembo na Beni tunamtazama kama mgeni aliyewahi kupita karibu na kwetu.

Alikuwa na miaka 44. Rose Sayer wake ni dada wa mmisionari, katika koloni la Wajerumani, mwaka 1914. Filamu inapoanza yumo kanisani, anapiga kinanda cha kukanyaga, jasho linamtiririka, sauti kaipandisha kuwashinda waumini wote. Nimekulia karibu na kinanda cha namna hiyo, parokiani Butembo. Mpigaji hapumziki: mguu ukilegea, upepo unakwisha, wimbo unazama. Na siku hizo Hepburn alikuwa mgonjwa wa tumbo kwa sababu ya maji. Ndoo ya kutapikia iliwekwa kando, kamera isikoona. Nimeirudia picha hiyo mara nyingi nikiutafuta ugonjwa. Ninachokiona ni uchovu wa Rose, mwanamke aliyezoea kuubeba wimbo peke yake. Watu waliolijaza kanisa lile filamu haikuwataja majina, na hilo linaniuma, kwani nao waliigiza.

Mwanzoni Rose alikuwa na uso mkavu mno. Mwongozaji, John Huston, akamshauri Hepburn amkumbuke Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani, alivyokuwa akiwatembelea askari majeruhi: atabasamu. Mwigizaji mwenye jina kubwa, aliyekwisha kutwaa Oscar, angeweza kununa. Yeye aliupokea ushauri, na katika kitabu chake cha 1987 akausifu sana. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi.

Mtazameni Rose baadaye, akiwa safarini mtoni, mashua inapotoka kwenye maporomoko ya kwanza. Charlie, mwenye mashua, anayeigizwa na Humphrey Bogart, anadhani mama huyu wa misheni sasa ataomba warudi. Rose kalowa, anahema. Macho yanatangulia kung'aa, mdomo unafuata, na uso ule wa kanisani unafunguka kama wa msichana. Anataka waendelee.