Sinia ya Saa Nne: Fuata Maji

Anayetaka kupima ubora wa sinia ya saa nne asubuhi, ile inayowekwa katikati ya wageni ikiwa na vitamu na vya chumvi pamoja, asianze na rangi wala wingi. Atazame maji yanakwenda wapi. Nanasi lililokatwa halitulii. Linaendelea kuchuruzika, na likinyunyiziwa chumvi huchuruzika zaidi. Wakiwekwa pembeni yake senene waliokaushwa vizuri jikoni, watavuta unyevu ule, na kabla mazungumzo hayajakolea watakuwa wamelegea. Mkaangaji atalaumiwa, kumbe kosa ni la aliyepanga.

Kwa hiyo huko Nyabiyonza, na wilaya yote ya Karagwe mkoani Kagera, senene ndio kipimo cha kwanza. Mchukue mmoja, mbawa na miguu viwe vimeshaondolewa, umvunje kwa vidole: akikatika kwa mlio, yuko tayari, akipinda, bado ana maji. Unuse pia. Senene ana mafuta yake mwenyewe, ndiyo maana mjuzi humkaanga kwa moto mdogo bila kumwogesha katika mafuta mengine, na ndiyo maana akikaa sana huchacha. Msimu wa mvua ukipita, karanga zilizokaangwa kwa chumvi zishike nafasi yake. Senene wa zamani wasilazimishwe kwa ajili ya sifa tu. Kipimo cha pili ni gonja, ndizi ya kuchoma, na hapa ndipo ufundi wa kupanga unapoonekana. Gonja iliyoiva mpaka ganda likaingia mabaka meusi, ikachomwa taratibu juu ya makaa, ni tamu lakini kavu kwa nje. Ipasue: ukiona kiini cheupe kigumu, ilitolewa mapema. Ikiwa imeiva sawasawa, ndiyo inayofaa kukaa katikati, nanasi upande huu na senene upande ule, kwa kuwa inapatana na vyote viwili bila kulowanisha chochote. Akamwani, kahawa ya kutafuna ambayo Wahaya na Wanyambo wamewakaribishia wageni tangu zamani, ipewe kikapu chake kidogo. Uchungu wake husafisha kinywa mtu anapotoka kwenye utamu kwenda kwenye chumvi. Ikishika maji ya tunda, kazi hiyo haifanyi tena.

Wapo watakaosema kwamba kuacha nafasi kwenye sinia ni uchoyo, kwamba mgeni huheshimiwa kwa kujaziwa. Hoja hiyo ina uzito, maana ukarimu huonekana kwa macho kwanza. Lakini sinia iliyorundikwa hujaa mara moja tu, kisha huharibika mbele ya mgeni yule yule; inayoongezwa kidogo kidogo kutoka jikoni hubaki na ubora wake mpaka anapoaga. Wengine watasema vibakuli vinamaliza tatizo. Vinasaidia kwa nanasi, ila vikiwa vingi kila kitu hujitenga, na mkono wa mgeni haukutanishi ladha. Jani la mgomba lililopitishwa motoni mpaka likalainika linatosha: halinyonyi maji, na ukingo wake ukikunjwa juu huzuia mchuruziko. Parachichi lisubiri. Likikatwa mapema hubadilika rangi, hivyo kisu kiliguse wageni wakiwa wameshanawa mikono, na limao likamuliwe hapo hapo.