Wachezaji Kumi Bila Kufungwa: Ukuta wa Harambee Stars na Uwanja wa Ndabibi

Kwenye michuano ya Afrika ya CHAN ya Agosti 2025, Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, walicheza mechi tano na kufungwa mabao mawili. La kwanza lilikuwa la Angola dakika ya 7, wakati Kenya ingali na wachezaji wake wote kumi na mmoja. La pili lilikuwa penalti ya Madagascar dakika ya 69 ya robo fainali. Katikati ya hayo mawili Kenya ilipata kadi nyekundu mbili na kucheza zaidi ya dakika 110 ikiwa pungufu, na ndani ya dakika hizo hakuna aliyeifunga. Ukiiweka kando ile penalti na dakika za nyongeza, tangu bao la Angola hadi mwisho wa muda wa ziada dhidi ya Madagascar ni dakika 383 ambazo safu ya ulinzi haikupenywa.

Baada ya mechi ya Morocco, huku kwetu Ndabibi kila mmoja alimsifu mlinzi wake. Huyu alimtaja Alphonce Omija, yule nahodha Abud Omar, mwingine kipa Byrne Omondi. Wote wanastahili. Lakini sifa hizo hazielezi jinsi timu iliyopungua inavyoweza kuwa ngumu kufungwa kuliko ilivyokuwa ikiwa kamili. Jibu liko kwenye nafasi zilizokuwa kati ya wachezaji, na nafasi hazionyeshwi kwenye marudio ya televisheni.

Tuanze na waliotoka. Marvin Nabwire alitolewa dakika ya 21 dhidi ya Angola. Chrispine Erambo alitolewa dhidi ya Morocco kipindi cha kwanza kikiisha, muda mfupi baada ya Ryan Ogam kufunga bao lililokuja kuamua mechi. Wote wawili ni viungo. Kwa hiyo mabeki walibaki kamili. Kilichopotea ni mtu wa mbele yao, yule anayekata pasi kabla haijawafikia. Timu isiyo na mpangilio ikipatwa na hilo, beki mmoja wa kati hupandwa na hamaki, akatoka kwenda kuziba lile pengo mwenyewe. Akishatoka, nyuma yake panabaki shimo, na straika yeyote mwenye akili hukimbilia hapo. Timu iliyofunzwa hufanya kinyume. Mabeki hukaa pale pale, kisha wa mbele ndio wanaorudi: winga anashuka usawa wa viungo, straika anabaki peke yake na kazi yake inakuwa kumsukuma mwenye mpira aelekee upande mmoja. Unapoteza mashambulizi, lakini ukuta wako unabaki vile ulivyokuwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Uwanja wa kawaida wa kimataifa una upana wa mita 68. Mabeki wanne wakisimama mita kumi kumi kati yao, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho ni mita 30. Zaidi ya nusu ya upana iko wazi! Mwalimu wa zamani angewatawanya waujaze wote, na hapo kila mmoja angekuwa kisiwa. Mfumo unawaambia wakae karibu karibu na wahame pamoja kuufuata mpira. Mpira ukiwa winga ya kulia, beki wa kushoto anaingia hadi karibu na katikati ya lango na kuliacha lile eneo la mbali tupu kabisa. Mtazamaji anapiga kelele, "Angalia yule yuko peke yake!" Ni kweli yuko peke yake, lakini mpira wa kumfikia lazima uvuke uwanja wote kwa juu, na utachukua sekunde mbili au tatu. Muda huo unatosha safu nzima kusogea mita kumi na zaidi kuelekea kwake. Anapoutuliza, keshafikiwa na beki mmoja, na wa pili yuko nyuma ya huyo.

Huyo wa pili ndiye ninayemtazama kila ninapochambua mechi. Beki wa kwanza kumkabili mwenye mpira hana haja ya kuunyang'anya. Kazi yake ni kumchelewesha na kumnyima njia ya ndani. Anaweza kufanya hivyo kwa utulivu kwa sababu anajua nyuma yake, hatua chache kwa mshazari, kuna mwenzake. Mwondoe huyo mwenzake na beki yule yule, mwenye miguu na moyo ule ule, ataanza kujirusha chini ovyo. Nadhani nusu ya mabeki wanaoitwa wabovu katika ligi za mashinani ni watu wasio na mtu nyuma yao.

Kisha kuna suala la kupanda na kushuka. Safu inaposogea pamoja, nani anaamua? Ni mpira wenyewe. Mwenye mpira akiwa ameinua kichwa na hana wa kumbughudhi, pasi ndefu inaweza kuja wakati wowote, kwa hiyo wote wanarudi hatua kadhaa. Akigeuka kuelekea lango lake, au akipiga pasi ya nyuma, wote wanapanda. Kosa linalozaa mabao ni watatu kupanda na mmoja kubaki, maana yule mmoja anawaondolea washambuliaji wote hatari ya kuotea. Ndiyo sababu sauti ni sehemu ya mfumo. Kipa anauona uwanja wote, nahodha anaona safu yake. Abud alikuwa mchezaji wa Kenya Police, mabingwa wa ligi ya 2024/25. CHAN huruhusu wachezaji wa ligi za nyumbani pekee, na kwa nchi isiyo na nyota wengi Ulaya hiyo ilikuwa faida: walikutana kambini watu waliokwisha kujuana kwa miezi mingi.

Aliyejenga ukuta huu, kocha Benni McCarthy, alikuwa mfungaji. Alitwaa Ligi ya Mabingwa na Porto mwaka 2004. Sishangai. Mshambuliaji ndiye anayejua vizuri kinachomkera: kukosa nafasi kati ya beki na beki.

Wazo lenyewe ni la zamani. Arrigo Sacchi, aliyewahi kuuza viatu na hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa, alilithibitisha kwa wachezaji wake wa AC Milan miaka ya 1980. Ruud Gullit na Marco van Basten walikuwa na shaka, hivyo akawawekea zoezi. Upande mmoja aliweka kipa na mabeki wanne, Tassotti, Baresi, Costacurta na Maldini. Upande wa pili aliweka wachezaji kumi, Gullit na Van Basten wakiwemo. Walipewa dakika kumi na tano wafunge, na kila wakipoteza mpira waanze upya kutoka nusu yao. Kwa masimulizi ya Sacchi mwenyewe, hawakufunga hata mara moja. Morocco hawakuwa kumi dhidi ya watano. Walikuwa kumi na mmoja dhidi ya kumi, na wakaja kulitwaa kombe hilo kwenye uwanja ule ule wa Kasarani, Nairobi. Kenya ndiyo timu pekee iliyowashinda safari nzima.

Sasa Ndabibi. Sisi wa nyuma ya ziwa Naivasha, chini ya mlima Eburru, hatuna haki ya kusema soka la mpangilio ni la Nairobi tu. Oserian, timu ya shamba la maua lililo njia ile ile tunayopita kwenda Naivasha mjini, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2001 na 2002. Lakini uwanja wetu una mambo yake. Tuko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, hivyo mpira mrefu unaenda mbali kuliko beki alivyokadiria. Kiangazi vumbi linaufanya udunde vibaya. Kwa sababu hizo ningeweka safu yetu nyuma kidogo kuliko ya Kasarani, na kipa asigande kwenye mstari wa goli bali asimame mbele, tayari kufagia mipira inayowapita mabeki.

Tatizo kubwa zaidi ni mahudhurio. Mmoja yuko shambani kwenye viazi, mwingine ana ng'ombe wa kukamua jioni, na mabeki wanne hawakutani mazoezini hadi Jumamosi ya mechi. Dawa ninayoiamini ni kila beki ajue namba mbili, yake na ya jirani yake, kisha wafunzwe kwa kamba. Makocha kwingi duniani hufanya hivi: mabeki wanne wanafungwa kiunoni kamba moja, mita nane au kumi kati ya mtu na mtu, na kocha anatembea na mpira kutoka pembeni hadi pembeni. Anayechelewa anavutwa. Kamba ya ng'ombe inatosha. Baada ya robo saa ifungueni, rudieni zoezi lile lile, na mtaona nani bado anaisikia kiunoni.

Jambo moja tu nisingeliiga kutoka Kasarani, nalo ni mtego wa kuotea. Kule kulikuwa na washika vibendera waliosomea na VAR, yaani waamuzi wa video. Katika mechi zetu anayeshika kibendera mara nyingi ni mchezaji wa akiba wa timu mojawapo, na macho yake yako kwenye mpira badala ya mstari wa mwisho wa mabeki. Safu ikipanda kumtega straika na kibendera kisiinuliwe, kipa amebaki peke yake. Bora beki wa kati ashuke naye, hata kama moyoni ana hakika kwamba ameotea.