Nepal: Kosa Halimo Katika Katiba

Tangu serikali ya K.P. Sharma Oli ilipoangushwa na vijana mjini Kathmandu kwa muda wa siku mbili tu, Septemba 2025, maelezo yanayotolewa juu ya Nepal ni yale yale. Inasemwa kwamba demokrasia ya nchi hiyo bado ni changa. Kwamba katiba yake ya mwaka 2015 inagawa viti kwa namna ambayo ni vigumu chama kimoja kupata wingi. Na kwamba kwa sababu hiyo serikali huundwa kwa vipande vya vyama na kubomoka vipande hivyo vinapogombana. Dawa inayopendekezwa nayo ni moja: katiba ibadilishwe, kiongozi wa serikali achaguliwe na wananchi moja kwa moja, na mambo yatatulia. Hata baadhi ya makada wetu wamekuwa wakiyarudia maneno hayo kana kwamba ni uchambuzi.

Sisi tunayakataa. Si kwamba ni uongo mtupu, bali yanaeleza homa na kuuacha ugonjwa. Tena yana hatari kwa mtu wa chama, kwa sababu yanampa ruhusa ya kuikagua katiba ya nchi bila kuigusa katiba ya chama.

Historia tutaipitia haraka. Nepal ilitawaliwa na ukoo wa Rana, mawaziri wakuu wa kurithishana, kwa miaka 104 hadi 1951. Uchaguzi mkuu wa kwanza ulifanyika 1959. Mwisho wa mwaka uliofuata Mfalme Mahendra aliivunja serikali ya B.P. Koirala, akamtia kizuizini, na vyama vikapigwa marufuku. Utawala wa mabaraza yasiyo na vyama, ulioitwa Panchayat, ulidumu hadi umma ulipoingia mitaani 1990. Februari 1996 Wakomunisti wanaofuata mafundisho ya Mao, wakiongozwa na Pushpa Kamal Dahal ajulikanaye kama Prachanda, walianzisha vita vya msituni. Wakulima waliowaunga mkono walikuwa na sababu: ardhi ilikuwa mikononi mwa wachache, na mtu wa tabaka la Dalit alikuwa akihesabiwa najisi tangu kuzaliwa. Vita viliisha kwa mkataba wa Novemba 2006 baada ya kuua watu zaidi ya 13,000. Makadirio mengine hufika 17,000. Tarehe 28 Mei 2008 ufalme wa miaka 240 hivi ukafutwa, na mfalme wa mwisho akaondoka katika jumba lake bila risasi kupigwa. Hilo lilikuwa tendo kubwa, na hatuoni sababu ya kulipunguza.

Miaka iliyofuata inawapa nguvu wale wanaoilaumu hesabu ya viti. Katika Bunge la Katiba la 2008 chama cha Prachanda kilikuwa cha kwanza, lakini kwa viti 220 tu kati ya 575 vilivyochaguliwa. Kuanzia Julai 2010 wabunge walipiga kura mara 16 wakashindwa kumpata waziri mkuu; alipatikana kwa kura ya 17, Februari 2011. Mei 2012 Bunge hilo likafa bila kuandika katiba, na mwaka 2013 Jaji Mkuu akalazimika kushika uongozi wa serikali ili uchaguzi mwingine uweze kufanyika. Kwa hiyo walioandika katiba ya Septemba 2015 waliweka makufuli. Waziri mkuu hawezi kupigiwa kura ya kutokuwa na imani katika miaka miwili ya mwanzo. Kura hiyo ikishindwa, haiwezi kurudiwa kabla ya mwaka kupita. Naye waziri mkuu hawezi kulivunja Bunge kwa matakwa yake. Katiba hiyo hiyo inataka theluthi moja ya wabunge wawe wanawake, na chini yake zikaundwa serikali za mitaa 753. Nchi nyingi kongwe hazijafika hapo.

Basi makufuli yakajaribiwa, na hapa ndipo maelezo ya hesabu ya viti yanapokufa.

Katika uchaguzi wa mwishoni mwa 2017 chama cha Oli, kiitwacho kwa kifupi UML, kiliungana na cha Prachanda. Vilipata viti 174 kati ya 275, pungufu kidogo ya theluthi mbili, na kati ya majimbo saba vikashika sita. Februari 2018 Oli akawa waziri mkuu. Tarehe 17 Mei 2018 vyama hivyo viwili vikawa kimoja, Chama cha Kikomunisti cha Nepal. Wingi ulikuwepo. Miaka mitano ilikuwepo. Mpinzani mwenye nguvu hakuwepo. Mtu anayeamini kwamba ugonjwa wa Nepal ni uchache wa viti alipaswa kutegemea serikali hiyo imalize muda wake kwa raha.

Haikumaliza, na sababu haikutoka nje ya chama. Muungano ule ulifanywa na watu wawili. Chama kilipewa wenyeviti wawili, sekretarieti ya watu 9, kamati ya kudumu ya watu 45 na halmashauri kuu ya watu 441, hesabu iliyopangwa ili kila upande upate fungu lake. Pembeni yalikuwepo makubaliano ya wenyeviti hao kuachiana kiti cha waziri mkuu nusu kwa nusu. Makubaliano hayo hayakupelekwa kwa wanachama. Mwaka 2019 yakabadilishwa, mmoja abaki na serikali na mwingine aendeshe chama, na badiliko hilo nalo halikuamuliwa na wanachama. Mkutano mkuu wa kuukamilisha muungano ulikuwa ukitajwa tangu mwanzo. Haukufanyika hata siku moja. Chama kikubwa kuliko vyote katika historia ya nchi hiyo kilizaliwa, kikatawala na kufa bila wanachama wake kukutana kuamua jambo lolote.

Tutazame kilivyokufa. Novemba 2020 Prachanda aliwasilisha kwenye sekretarieti waraka wa kurasa 19 wa kumshtaki Oli, kwamba anaendesha serikali peke yake bila kujali vikao. Oli akajibu kwa kurasa 38. Hayo wenyewe waliyaita mjadala wa ndani ya chama. Lakini kujikosoa na kukosoana, kama tunavyokufundisha katika vyuo vyetu, kunahitaji kikao chenye uwezo wa kuamua na kiongozi aliye tayari kuutii uamuzi. Hapo kikao kilikuwa watu tisa waliogawanyika. Tarehe 20 Desemba 2020 Oli akalivunja Bunge. Februari 2021 Mahakama ya Juu ikalirudisha. Machi ikaubatilisha muungano wenyewe kwa sababu jina la chama lilikuwa limekwisha kusajiliwa na mtu mwingine. Mei Oli akalivunja Bunge tena. Julai Mahakama ikaamuru Sher Bahadur Deuba wa chama cha Nepali Congress aapishwe. Majaji walifanya kazi yao. Lakini ni aibu gani kwa chama cha Kilenin kuambiwa na mahakama kwamba hakipo!

Watu wengi hulifunga jambo hili kwa kusema Oli ni mtu wa kiburi na Prachanda ni mtu wa tamaa. Huenda ni kweli, lakini nadharia haijengwi juu ya tabia za watu wawili. Inafaa tuikosoe nadharia yenyewe waliyoirithi. UML kiliishi kwa fundisho la Madan Bhandari, katibu mkuu wake aliyekufa katika ajali ya gari Mei 1993, miezi michache tu baada ya mkutano mkuu wa tano kulipitisha. Fundisho hilo, Demokrasia ya Watu ya Vyama Vingi, lilikuwa jasiri. Wakati vyama vya Ulaya ya Mashariki vilipokuwa vikianguka, Bhandari alisema Wakomunisti wakubali katiba, wakubali ushindani, na uongozi waupate kwa kura za watu. Mwaka uliofuata, 1994, chama chake kikaunda serikali kwa njia hiyo, ingawa ilidumu miezi tisa tu. Kwa maoni yetu fundisho hilo lilijibu vizuri swali la chama kuhusiana na wapinzani wake. Swali la chama kuhusiana na viongozi wake lenyewe halikulijibu. Lilitegemea kwamba mpiga kura atafanya kazi ya kuwakagua, na kada akaachiwa kazi ya kumtafuta mpiga kura.

Prachanda naye alikuja kutoka upande mwingine akafika mahali pale pale. Jeshi la msituni lilimzoesha amri itokayo juu. Umoja wa Mataifa ulithibitisha wapiganaji wake 19,602. Kazi ya kuwaingiza katika jeshi la taifa ilipokamilika waliokuwa wamebaki ni kama 1,400, wengine wakiwa wamechukua kiinua mgongo na kurudi kwao. Tume ya ukweli na maridhiano iliundwa 2015, na miaka kumi baadaye familia za waliouawa na waliopotezwa, za pande zote mbili, zilikuwa bado zinangoja. Chama hakikuwa na kitu cha kuwafundisha wapiganaji wale baada ya bunduki kuwekwa chini. Kilikuwa na viti vya kugawa.

Lakini uongozi hauelei hewani. Chini yake kuna uchumi, nao ndio uliowawezesha viongozi kuishi bila kuulizwa. Takriban robo ya pato la Nepal hutokana na fedha zinazotumwa na Wanepali walio nje: Qatar, Saudia, Falme za Kiarabu, Malaysia, India. Maana yake ni kwamba tabaka la wafanyakazi la nchi hiyo, kwa sehemu kubwa, limo katika majukwaa ya ujenzi ya nchi za watu. Mfanyakazi huyo hawezi kugoma Kathmandu. Hawezi kuhudhuria tawi. Hawezi hata kupiga kura: mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliagiza uandaliwe utaratibu wa kuwapigisha kura walio nje, na uchaguzi wa Novemba 2022 ukafanyika bila utaratibu huo. Vyama vilivyojiita vya wafanyakazi viliweza kutawala kwa fedha za wafanyakazi bila wafanyakazi wenyewe kuwapo. Mwaka 2023 ilijulikana hata kutoka nje kumefanywa biashara. Wananchi walikuwa wametozwa fedha ili waandikwe kama wakimbizi wa Bhutan na kupelekwa Marekani, na walioshtakiwa ni pamoja na mawaziri wa zamani wa Nepali Congress na wa UML. Mwenye kudhani vyama hivyo vilipingana kwa itikadi aisome orodha hiyo ya washtakiwa.

Hapo ndipo tunapoelewa mzunguko wa watu watatu. Kuanzia Oktoba 2015 hadi Septemba 2025 kiti cha waziri mkuu hakikutoka mikononi mwa Oli, Prachanda na Deuba. Agosti 2021 serikali ya Deuba ilitunga sheria ya dharura ya kupunguza idadi inayotakiwa ili kundi lijitenge na chama, UML kikagawanyika, mwezi uliofuata sheria hiyo ikafutwa, kazi yake ikiwa imekwisha. Desemba 2022 Prachanda akawa waziri mkuu kwa viti 32 tu, akageuza washirika na kuomba kura ya imani mara tano katika miezi kumi na minane, akashindwa ya tano. Julai 2024 Oli na Deuba, mahasimu wa jana, wakaahidiana kupokezana. Hakuna kifungu cha katiba kilichowalazimisha.

Tarehe 4 Septemba 2025 serikali iliifunga mitandao ya kijamii 26, wakati ambapo vijana walikuwa wakiitumia kulinganisha maisha ya watoto wa wakubwa na maisha yao. Tarehe 8 waliandamana Kathmandu na miji mingine. Polisi waliua watu 19 siku hiyo. Tarehe 9 Oli alijiuzulu, na moto ukalishika Bunge, Mahakama ya Juu na Singha Durbar, makao makuu ya serikali. Waliokufa kwa jumla walizidi 70. Vijana hao hatuwasifu kwa yote. Kuchoma mahakama ni kuchoma mahali pekee palipokuwa pamewahi kuwazuia viongozi. Na jina la Sushila Karki, jaji mkuu mstaafu aliyeapishwa tarehe 12 kuwa waziri mkuu wa muda hadi uchaguzi uliopangwa Machi 2026, lilijadiliwa na vijana katika ukumbi wa mtandaoni ambao mtu huingia bila kadi na kutoka bila wajibu. Lakini ni nani aliyewafunza kwamba kikao cha chama hakina maana?

Wenzetu fulani wanapenda kumalizia mazungumzo haya kwa kutaja mkono wa mabeberu. Mikono ya nje Nepal ipo. Mwishoni mwa 2015 mafuta na dawa vilizuiwa mpakani na India kwa miezi kadhaa, nchi ikiwa haijapona tetemeko la Aprili lililoua karibu watu 9,000. Hatulisahau hilo. Lakini wasomaji watazame pia kalenda. Julai 2025 halmashauri kuu ya UML ilikataa kuutambua uanachama wa Bidya Devi Bhandari, rais mstaafu na mjane wa Madan Bhandari, alipotaka kurudi katika siasa za chama. Tarehe 5 hadi 7 Septemba, mitandao ikiwa imefungwa, chama hicho kilifanya mkutano wa katiba yake huko Godawari, kusini mwa Kathmandu. Humo yaliondolewa mambo mawili: ukomo wa umri wa miaka 70 kwa viongozi, na ukomo wa vipindi viwili vya uongozi. Mwenyekiti alikuwa na miaka 73 na kipindi chake cha pili kilikuwa kinaelekea mwisho. Vifungu hivyo havikufutwa New Delhi wala Washington. Wajumbe walivifuta wenyewe, na siku iliyofuata risasi zikaanza.