Kuelekeza si Kuchukua: Viungo vya Mtandao katika Mizani ya Fiqhi

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake. Ama baad:

Wako wanaosema kuwa mwenye kuweka katika tovuti yake kiungo kinachompeleka msomaji kwenye makala ya mtu mwingine, ametumia mali ya mwenzake bila ya idhini. Hoja yao ni uamuzi wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi wa Disemba 1988, kwamba haki za mtunzi ni mali inayolindwa na sharia na haijuzu kuivamia. Uamuzi huo tunaukubali. Tunachokipinga ni kuutia mahali pasipokuwa pake.

Anayenakili makala huchukua kitu chenyewe. Anayeweka kiungo huonesha njia tu. Makala hubaki kwa mwenyewe, na siku akiiondoa, kiungo hakifiki popote. Mafaqihi wametofautisha tangu zamani baina ya mubashir, yaani aliyetenda mwenyewe, na mutasabbib, yaani aliyekuwa sababu. Majallatul-Ahkam ya Dola ya Uthmania, katika vifungu vya 92 na 93, imembebesha dhamana wa kwanza hata kama hakukusudia, na wa pili pale tu anapokusudia.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo imepita karibu na njia hii. Tarehe 13 Februari 2014, katika kesi ya Svensson iliyotoka Sweden, iliamua kuwa kiungo cha makala ambayo mwenyewe ameiacha wazi kwa watu wote hakihitaji idhini. Ama kiungo kinachomvusha msomaji uzio uliowekwa kwa ajili ya waliolipa, hicho kinahitaji. Kisha tarehe 8 Septemba 2016, katika kesi ya GS Media iliyotoka Uholanzi, ikaamua juu ya viungo vya kazi zilizowekwa mtandaoni bila ya ridhaa ya mwenyewe: asiyetafuta faida hana lawama ila akiwa anajua au ilimpasa kujua, anayetafuta faida huhesabiwa kuwa anajua, mpaka athibitishe kinyume.

Hapa pa mwisho ndipo tunapotofautiana nayo. Kanuni ya fiqhi ni kwamba asili ya mtu ni kutokuwa na dhima, na ushahidi huletwa na mwenye kudai. Kufanya biashara peke yake si ushahidi wa kujua. Ni kweli mfanyabiashara yampasa uangalifu zaidi, na mzembe ataulizwa uzembe wake; lakini uzembe nao huthibitishwa, haudhaniwi.

Zaidi ya hayo, kiungo ni katika kumpa mtunzi haki yake. Imam as-Suyuti (aliyefariki mwaka 911 Hijria, sawa na 1505) alimlaumu al-Qastallani kwa kuchukua kutoka vitabuni mwake bila ya kumtaja: ananukuu kwa al-Bayhaqi kana kwamba amekisoma kitabu chenyewe, na hali ameyakuta hayo kwa as-Suyuti. Hakumkataza kunukuu, alidai ioneshwe njia iliyopitiwa. Na hiyo ndiyo kazi ya kiungo.

Basi imamu anayenakili darasa zima la mwanachuoni, akaliweka kwenye ukurasa wake bila ya jina, na ajihisabu kabla ya kumlaumu aliyeweka kiungo. Nasaha yetu kwa ndugu zetu: taja jina, weka kiungo, usivunje uzio wa mtu. Na ukijulishwa kuwa ulichokielekeza kimeporwa, kiondoe kiungo siku hiyo hiyo, kwani baada ya kujua udhuru umekwisha, na Suratul-Maida, aya ya 2, imetukataza kusaidiana katika dhambi na uadui.

Wallahu a'alam.