Pongezi kwa Mafundi wa Viungo Bandia wa Moshi

Mguu wa bandia hutengenezwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Fundi hukifunga kigutu kwa plasta, hupata umbo lake, kisha hulichonga kidogo kidogo ili uzito uegemee sehemu zinazoweza kuubeba na sehemu zenye maumivu zipumzike. Umbo hilo huzungushiwa plastiki ya moto, nayo ikipoa huwa soketi ya kuingizia kigutu.

Kazi hii hufundishwa TATCOT, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 katika hospitali ya KCMC, Moshi. Wahitimu wake wanahudumu Tanzania na katika nchi nyingine nyingi za Afrika.

Hata aliyepoteza mguu miaka mingi iliyopita hunufaika na mguu wa bandia. Misuli iliyolegea huimarishwa kwa mazoezi. Hatua za kwanza hupigwa kati ya vyuma viwili vya kushikia, kisha kwa gongo, kisha kwenye ngazi na njia za vumbi. Hofu ya kuanguka hupungua kadiri mwili unavyouzoea mguu. Kigutu nacho hubadilika, hivyo fundi huendelea kuurekebisha mguu kwa miaka.

Mafundi hawa wanastahili heshima ileile wanayopewa madaktari wa upasuaji: daktari huokoa maisha, fundi humrudisha mtu shambani, sokoni na kwenye ibada.